MotoE imezimwa, wanafunzi wamebaki na mbio zao

SEPTEMBA 2025, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Pikipiki (FIM) na Dorna, kampuni inayoendesha MotoGP, walitoa taarifa fupi: msimu ule ndio wa mwisho kwa MotoE, mashindano ya dunia ya pikipiki za umeme. Walisema ni kusimama kwa muda, lakini tarehe ya kurudi hawakuitaja. Kwenye soka lugha hiyo inajulikana. Kocha akipewa 'likizo' katikati ya msimu, kijiweni hakuna anayeuliza atarudi lini.

Kwa shabiki wa kawaida habari hiyo ilipita kama upepo. Ukweli ni kwamba hata wapenzi wengi wa MotoGP walikuwa wakisubiri mbio za MotoE ziishe ili waione Moto3. Lakini kuna watu walioisoma taarifa ile mara mbili, nao si madereva wala Ducati waliokuwa wanatengeneza pikipiki zote za mashindano hayo. Ni wanafunzi wa vyuo vikuu wanaolala karakana kuchora, kuchomelea na kufunga pikipiki zao wenyewe za mashindano.

Hao walikuwa na ngazi. Sasa imekatwa juu.

Ili kuelewa ishu hii lazima kwanza ujue MotoE ilikuwa nini. Ilianza 2019, na ilianza na nuksi. Machi mwaka huo, wakati wa majaribio pale Jerez, Hispania, moto uliwaka usiku kwenye hema lililohifadhi pikipiki na kuziteketeza zote. Msimu ukasogezwa mbele, mbio za kwanza zikafanyika Julai kule Sachsenring, Ujerumani. Miaka minne ya mwanzo pikipiki zilitoka Energica ya Italia, kisha 2023 Ducati wakachukua usukani na mashine yao, V21L. Ilikuwa na nguvu za farasi 150 na uzito wa kilo 225.

Katika kilo hizo 225, betri peke yake ilikuwa na kilo 110. Karibu nusu ya pikipiki ni betri. Na pamoja na mzigo wote huo, mbio zilikuwa za mizunguko michache tu, maana chaji haikuruhusu zaidi. Hapo ndipo penye ugomvi wote wa pikipiki za umeme. Ukiongeza betri ili ufike mbali, unaongeza uzito, pikipiki inakuwa nzito kwenye kona na breki zinateseka. Ukipunguza uzito, unaishia njiani. Anayetafuta namna ya kutoka kwenye mtego huo ndiye mwenye kesho ya mchezo huu, na kwa miaka kadhaa baadhi ya waliokuwa wanautafuta kwa bidii hawakuwa na mishahara. Walikuwa na mitihani.

NOTTINGHAM ISIYO YA FOREST

Ukimtajia shabiki wa soka jina Nottingham, atakwambia Forest ya Brian Clough, mabingwa wa Ulaya 1979 na 1980. Akiwa mkali wa historia ataongeza kwamba waliupata ubingwa huo wa kwanza wakiwa na misimu miwili tu Ligi Kuu ya England tangu wapande daraja. Sasa katika mji huohuo, Chuo Kikuu cha Nottingham kilifanya jambo linalofanana kidogo na lile, tofauti ni kwamba halikuimbwa na mtu.

Uwanja wenyewe ulikuwa Isle of Man, kisiwa kilichopo baharini kati ya Uingereza na Ireland. Huko ndiko kuna TT, mbio kongwe zinazofanyika tangu 1907 kwenye barabara za kawaida, zile wanazopita watu kwenda sokoni na kanisani. Mzunguko mmoja ni kilomita 60.7. Kuna kuta za mawe, nguzo za simu, nyumba za watu, halafu unapanda mlima. Kuanzia 2010 paliwekwa mbio za umeme zilizoitwa TT Zero, mzunguko mmoja tu, basi. Serikali ya kisiwa iliahidi pauni 10,000 kwa wa kwanza atakayevuka wastani wa maili 100 kwa saa, sawa na kilomita 161, na zikachukuliwa 2012 na Michael Rutter aliyekuwa juu ya MotoCzysz ya Marekani.

Baada ya hapo wakaja Mugen. Mugen si watu wa mchezo. Ni kampuni ya Japan iliyoanzishwa na Hirotoshi Honda, mtoto wa Soichiro Honda mwenyewe, yule ambaye jina lake liko kwenye matangi ya pikipiki nusu ya dunia. Kuanzia 2014 hadi 2019 walishinda TT Zero zote, sita mfululizo. Walikuwa na pesa, wahandisi wa kazi na madereva wakubwa kama John McGuinness na Bruce Anstey. Kwa lugha ya kwetu, ilikuwa timu inayosajili inayemtaka kisha inauliza bei baadaye.

Mbele ya watu hao ndipo walipojipanga wanafunzi. Hawakuwa Nottingham peke yao. Ohio State kutoka Marekani, kwa jina la timu Buckeye Current, walimaliza wa tatu 2013 na tena 2014, dereva akiwa Rob Barber. Wastani wao 2014 ulikuwa kilomita 150 kwa saa wakati McGuinness akishinda kwa karibu 189. Yaani walipanda jukwaani, lakini pengo lilikuwa la timu ya wilaya na bingwa wa Afrika. Mtu angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba walifika pale kwa sababu washiriki walikuwa wachache.

Nottingham ndio waliovunja hoja hiyo. Zitazame namba zao, zinajieleza. Mwaka 2016 dereva wao, Mwingereza Daley Mathison, alimaliza wa tatu kwa wastani wa kilomita 160.7 kwa saa. Mwaka 2017 akawa wa tatu tena, safari hii kwa kilomita 175.8. Juni 2018 akapiga 192.0. Kila mwaka waliongeza kilomita 15 au 16, na hilo si jambo la bahati. Bahati haiji kwa kipimo kilekile miaka mitatu.

Na ile ya 2018 ilikuwa noma zaidi ya inavyoonekana. Mathison alimaliza wa pili akitumia dakika 18 na sekunde 58.6. Mbele yake alikuwa Rutter peke yake, safari hii akiwa na Mugen, kwa tofauti isiyofika sekunde 24 katika kilomita 60. Lakini kuna jambo ambalo wengi walilipita: rekodi ya TT Zero hadi asubuhi ya siku ile ilikuwa ya McGuinness na Mugen, iliyowekwa 2015, maili 119.279 kwa saa. Mathison alipita kwa 119.294. Kama Rutter angekwama njiani siku hiyo, kikundi cha wanafunzi kingerudi nyumbani na kombe na rekodi ya mbio mkononi, mbele ya Honda mtoto.

KIKOSI KINACHOVUNJWA KILA JUNI

Waliwezaje? Swali hili ndilo linalomhusu shabiki wa soka moja kwa moja, kwa sababu tatizo la timu ya chuo ni lilelile linalozimaliza klabu zetu nyingi, ila kwao ni baya zaidi.

Fikiria klabu ambayo kila Juni mikataba ya karibu nusu ya kikosi inaisha, na kwa sheria huruhusiwi kuwaongezea. Wanahitimu, wanakwenda. Anayejua kwa nini waya fulani ulipitishwa kushoto badala ya kulia anaondoka na kofia yake ya mahafali. Septemba wanaingia wengine ambao hawajawahi kushika betri ya volti mia kadhaa. Wanatakiwa kuifahamu pikipiki, kuiboresha, na miezi michache baadaye waipeleke kwenye barabara ambayo mtu anapita pembeni ya ukuta wa mawe kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200.

Timu za vyuo zinazofanikiwa zinaishi kwa mambo yasiyovutia kamera. La kwanza ni kuandika. Kila kipimo, kila kosa, kila sehemu iliyovunjika inaingia kwenye faili ili anayekuja asianze sifuri. Mara nyingi kazi hiyo hiyo ndiyo tasnifu ya mwaka wa mwisho, kwa hiyo mwanafunzi haandiki kwa hiari, anaandika kwa sababu anataka kufaulu. La pili ni benchi la ufundi. Wahadhiri na mafundi wa maabara hawahitimu. Nottingham ni chuo chenye jina kubwa katika utafiti wa mota za umeme na vifaa vya kuziongoza, kwa hiyo wanafunzi waliokuja walikuta wazee wa kazi wamekaa.

La tatu linasahaulika: dereva. Katika miaka ile mitatu vijana wa karakana walibadilika, Mathison alibaki. Yeye ndiye aliyekuwa anajua pikipiki ya mwaka jana ilivyokuwa inalalamika ikitoka kwenye kona na ya mwaka huu imeacha kulalamika wapi. Katika timu ambayo kila mtu ni mgeni, mkongwe wao alikuwa yule anayekaa juu ya kiti.

Halafu kuna hesabu ya chaji, ambayo kwenye TT ndiyo mechi yenyewe. Kutoka Douglas hadi Ramsey ni kama kilomita 38, njia ina vijiji na sehemu ndefu za kunyoosha mkono. Hapo dereva anatamani kufungulia kila kitu. Lakini baada ya Ramsey ndipo mlima unapoanza, kutoka karibu na usawa wa bahari hadi mita 422. Mwenye kutumia chaji ovyo bondeni anafika mlimani betri ina joto na imechoka, mfumo unajikata nguvu wenyewe ili usiungue, na wengine wanampita kama amesimama kituoni. Kwa hiyo mwanafunzi anayekaa na kompyuta ndiye anayeamua mapema pikipiki itumie kiasi gani wapi. Ni kama kocha anayejua straika wake ana dakika 60 tu za mapafu. Akimwanzisha au akimweka akiba, lazima aamue kabla ya filimbi.

Mwanafunzi akikosea hesabu darasani anapewa alama ndogo. Pale kuna binadamu juu ya hesabu zake.

Hilo lilikuja kuonekana kwa namna ya uchungu. Juni 3, 2019, Mathison alifariki dunia kwa ajali katika mbio za Superbike za TT, akiwa na miaka 27. Hakuwa kwenye pikipiki ya wanafunzi, alikuwa kwenye BMW ya petroli ya timu nyingine. Lakini kwa vijana wa Nottingham waliokuwa kisiwani wakijiandaa na TT Zero ya wiki hiyohiyo, aliyeondoka ni mtu wao. Barabara zile za mbio zimeua madereva zaidi ya 200, na kila anayekwenda kule analijua hilo. Kulijua ni jambo moja.

MLANGO WA KWANZA, MLANGO WA PILI

Mwaka huohuo Rutter alishinda tena na kuweka rekodi mpya, maili 121.909 kwa saa. Haijavunjwa, na sababu ni rahisi: haijawahi kukimbiwa tena. Waandaaji walitangaza kuisimamisha TT Zero kwa 2020 na 2021. Corona ikafuta TT yote miaka hiyo miwili. Mbio ziliporudi 2022, Zero haikuwemo.

Tuwe wakweli, TT Zero ilikuwa inakufa njaa kabla ya kuzikwa. MotoCzysz walikuwa wameshapotea. Victory ya Marekani, waliomaliza wa pili 2016 na William Dunlop, walifungiwa kiwanda na wenye kampuni Januari 2017. Wakabaki Mugen, vyuo na watu binafsi wachache. Bingwa asiye na mpinzani anachosha, hata watu wake mwenyewe wanaanza kuondoka dakika ya 70. Waandaaji hawakukosea kusema washiriki hawatoshi.

Lakini hapa ndipo hoja yote ilipo. TT Zero ilikuwa mbio ya wazi. Ukifuzu ukaguzi na ukafikia muda unaotakiwa, unapanga mstari na Mugen. Ni Kombe la FA. Februari 2017, Lincoln City, timu ya daraja la tano kutoka mji ulio jirani na Nottingham, ilikwenda Burnley na kuifunga timu ya Ligi Kuu bao 1-0, ikatinga robo fainali. Arsenal wakawapiga tano huko mbele, sawa, lakini hakuna aliyeweza tena kuwaambia hawajui mpira. Walipimwa kwa mizani ya wakubwa.

MotoE haikuwa hivyo. Pikipiki zote za aina moja, kutoka kiwanda kimoja, kwa hiyo mwanafunzi hakuwa na nafasi ya kuleta ya kwake. Faida yake kwake ilikuwa tofauti: ilikuwa mahali pa kwenda. Kijana aliyemaliza chuo akijua betri za mashindano alikuwa na ligi ya dunia ya kuiangalia, timu za kuombea kazi, data za kuzungumzia. Mlango wa kwanza ulifungwa 2019 na ukaondoa mechi dhidi ya wakubwa. Wa pili umefungwa 2025 na umeondoa ajira ya juu ya fani hiyo. Vimebaki vyuo.

NA HUKO ARAGON?

Vyuo vyenyewe havijasimama. Mashindano yao makubwa yanaitwa MotoStudent, na fainali hufanyika MotorLand Aragon, karibu na mji wa Alcañiz, Hispania, kwenye lami ileile ambayo MotoGP ilianza kukimbia Septemba 2010. Fainali ya kwanza ya wanafunzi ilikuwa mwezi mmoja tu baadaye, Oktoba 2010. Hufanyika kila baada ya miaka miwili hivi, na tangu 2016 kuna kundi la umeme pamoja na lile la petroli.

Utaratibu wake una akili. Timu inajifanya imeajiriwa na kiwanda kutengeneza pikipiki ya mashindano itakayouzwa. Waandaaji wanatoa vifaa vya msingi kwa wote, ikiwemo injini au mota ileile, ili tajiri asimzidi maskini kwa kununua. Fremu, mkono wa gurudumu la nyuma, mpangilio wa uzito, kwa kundi la umeme betri na mfumo wake, hayo ni jasho la timu. Halafu kabla hata ya mbio unakaa mbele ya majaji na kutetea mchoro wako, ubunifu wako na mpango wa biashara, kwamba kiwanda kikitoa pikipiki hizi kitapata faida au kitafilisika. Baada ya hapo ndipo majaribio ya breki na kasi, na mbio.

Anayefuatilia Moto2 ataona undugu hapo. Kule nako wote wanatumia injini ya Triumph ya sentimita za ujazo 765 tangu 2019, ugomvi upo kwenye fremu. Chuo Kikuu cha Padova, Italia, timu yao ya pikipiki inaitwa QuartodiLitro, maana yake robo lita, kwa sababu kundi la petroli lilikuwa la injini ya sentimita za ujazo 250. Mwanafunzi wa kundi hilo akimaliza ana ngazi nzima mbele yake: Moto3, Moto2, MotoGP, viwanda vya Italia na Hispania vinavyosaka wahandisi. Mwenzake wa kundi la umeme, aliyekaa karakana ileile, pengine aliyefanya kazi ngumu zaidi, anamaliza na kukuta ngazi haina vidato vya juu.

Ndiyo maana sifa zinazomwagwa kwa MotoStudent zina kasoro moja. Ni mashindano mazuri ya kufundisha, hakuna ubishi. Lakini ni ligi ya vijana inayocheza yenyewe kwa yenyewe. Bingwa wa umeme wa Aragon ni bora kuliko vyuo vingine vilivyokuja. Ni bora kuliko kiwanda? Hakuna anayejua, kwa sababu mara ya mwisho mizani hiyo kuwekwa ilikuwa kisiwani 2019.

Wapo wanaosema afadhali. Kwamba kuwapeleka wanafunzi kwenye barabara za mbio zilizoua watu zaidi ya 200 ulikuwa wazimu, na uwanja wenye maeneo ya kuchepukia ni mahali sahihi. Kwa usalama, wako sahihi na hawahitaji kubishiwa. Lakini usalama haukuhitaji kufuta mechi dhidi ya wakubwa, ulihitaji kuihamishia uwanjani. Hilo halikufanyika. MotoE ilipokuwa hai ilikuwa na viwanja bora duniani na haikuwahi kufungua mlango hata wa pikipiki moja ya mwalikwa.

SOKO LIPI HALIJAKUA?

Katika maelezo ya kuifunga MotoE lilitajwa soko: kwamba mashabiki hawakuongezeka kama ilivyotarajiwa na kwamba biashara ya pikipiki za umeme za mwendo kasi haijakua. Kwa pikipiki za mwendo kasi ni kweli. Tajiri wa Milano anayenunua Ducati anataka muungurumo, hataki mlio wa cherehani.

Lakini soko la pikipiki za umeme za kazi ni habari nyingine, na wasomaji wa gazeti hili wanaliona kwa macho. Kuanzia Januari 2025 Rwanda ilisitisha kusajili pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria Kigali, mpya lazima iwe ya umeme. Nairobi vituo vya kubadilishia betri vinaongezeka. Dereva wa bodaboda wa Kigali anayepandisha mlima na abiria na gunia ana swali lilelile la Mathison akitoka Ramsey: chaji itanifikisha, au betri itachemka? Anayejua kujibu swali hilo kwenye kilomita 60 za mbio anajua mengi ya kumsaidia huyu wa kilomita 150 za siku nzima.

Na wale wanaodhani kazi ya wanafunzi inaishia kwenye maonyesho wanaweza kutazama Kampala. Mwaka 2011 wanafunzi na wahadhiri wa Makerere walitoka na gari dogo la umeme, Kiira EV, likachekwa na baadhi ya watu kama kitu cha kupigia picha. Kutoka kwenye mradi huo ikazaliwa Kiira Motors, kampuni ambayo leo inatengeneza mabasi ya umeme. Halikuwa gari la mashindano, lakini njia ni ileile: vijana, karakana ya chuo, na mtu wa kuwapa nafasi ya kukosea.

Kwa hiyo nini kifanyike? Jibu moja lipo wazi kiasi cha kushangaza. MotoE imeacha nafasi kwenye ratiba za wikiendi za MotoGP. Tayari mwaka 2026 baadhi ya wikiendi hizo zimepangiwa mbio za Harley-Davidson za safari ndefu, zile pikipiki kubwa zenye masanduku pembeni, mradi watu wacheke na wafurahi. Hakuna ubaya. Ila Aragon ni nyumbani kwa MotoStudent, lami ni hiyohiyo, gereji zipo, madaktari wapo, na pikipiki za umeme za MotoE zipo mahali zimefunikwa turubai. Mbio moja ya mizunguko michache, vyuo vitatu au vinne bora vya kundi la umeme dhidi ya Ducati mbili za V21L, Jumamosi mchana kabla ya mbio fupi za MotoGP.

Vyuo vitaachwa, pengine kwa mbali sana, kwa sababu pikipiki zao za Aragon ni nyepesi na hazina nguvu za farasi 150. Itabidi kanuni za vipimo na nguvu ziandikwe upya na FIM ikubali kuzikagua, na si kazi ya wiki moja. Dereva lazima awe na leseni ya ngazi hiyo. Bima itagharimu. Lakini Ohio State nao waliachwa kwa karibu kilomita 40 kwa saa mwaka 2014, na miaka minne tu baadaye chuo kingine kilipita juu ya rekodi ya Mugen.